Mkono kwenye Mlango wa Tanuru

Nilikozaliwa kuliitwa Ku Mategura, kwa sababu tegura ni kigae cha paa, na sisi hatukuwa na kazi nyingine. Palikuwa na kiwanda, na pembeni yake mistari minne ya nyumba za wafanyakazi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Gasenyi, pale ambapo Bujumbura inachoka kuwa mji na kuanza kuwa mashamba. Siku hizi nasikia kuna watu wanaofuatilia majengo ya zamani, wanapiga picha, wanataka yawekewe kibao. Sina ubaya na kibao. Lakini wakifika pale wanapiga picha ya bomba la moshi, kwa kuwa ni refu, halafu wanarudi kwenye gari lao. Tanuru hawalitazami, na kama kuna kitu pale kinachostahili kibao, ni mlango wa tatu wa tanuru.

Ngoja nikutembeze, si mbali. Ukiingia getini, kushoto kuna shimo ulimochimbwa udongo wote wa kazi. Mvua za miaka mingi zimelijaza maji, na lina vyura wa kutosha kuwanyima usingizi watu wa mistari yote minne. Kando ya shimo imelala reli nyembamba ya kigari cha kusukuma, na kipande cha reli hiyo hiyo kimening'inizwa kwenye mkaratusi. Kikigongwa, watu waliingia kazini. Nyuma ya nyumba kuna kanisa dogo na msikiti mdogo, vimetazamana. Vyote viwili vilijengwa kwa matofali yaliyokataliwa: yaliyopinda, yaliyoungua mpaka yakawa meusi, yaliyovunjika pembe. Meneja wa zamani aliyatoa bure, nusu huku, nusu huku. Ndiyo maana kuta za msikiti wetu hazijanyooka, na sijasikia kwamba Mungu amewahi kulalamika.

Tanuru lenyewe ni refu, lina mgongo wa duara na milango mitatu upande mmoja, kila mlango na chumba chake. Vigae vibichi vilipangwa ndani vikiwa vimesimama, safu juu ya safu, halafu mlango ukajengwa kwa matofali na kukandikwa udongo uliochanganywa na majivu, usibaki upenyo wowote. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkandikaji. Akimaliza, mwiko ukiwa bado mkono wa kulia, alibandika kiganja cha kushoto katikati ya udongo mbichi, akaacha alama. Hapo ndipo tanuru limefungwa. Pasipo mkono, mchomaji hawashi moto. Na kufungua nako ilikuwa kazi ya mwenye mkono peke yake. Yeye ndiye aliyejua moto umepoa, na alianza kubomoa pale pale kwenye kiganja chake. Mtu mwingine akitangulia, hewa baridi inaingia na mzigo wote unapasuka. Tulikua tukilijua hilo kama tulivyojua kwamba huingii kwa mtu bila kupiga hodi.

Mezani, pale pa kusawazisha kingo za vigae, mama alifanya kazi miaka mingi na jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mama alikuwa mjane, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Jirani alikuwa Mkristo, mcheshi, mwenye watoto wawili na mume aliyekwenda kutafuta kazi Tanzania mpaka barua zikakatika. Waliitana mukeba, yaani mke mwenza, kwa sababu, walivyosema wenyewe, wote wawili wameolewa na tanuru moja na tanuru halimpendi yeyote. Sikukuu ya kuchinja, nyama ya kwanza kutoka kwetu ilikwenda kwake. Krismasi, wali wa kwanza ulitoka kwake. Mimi nilimwita mama mukubwa, na nilimwogopa kidogo kuliko nilivyomwogopa mama.

Kisha vita. Malori yaliyoleta kuni na maganda ya kahawa ya kuchomea yakaacha kuja, na kiwanda kikasimama na vyumba vyote vitatu vikiwa vimepangwa vigae vibichi, vimefungwa, vina mkono wa mama, havijawashwa. Mchomaji alitoka Jumamosi moja kwenda kwao kuona wazazi na hakurudi. Baadaye wezi walivunja mlango wa kwanza. Walikuta udongo mtupu wenye sura ya vigae, wakautupa nje kwa hasira, na mvua ya siku mbili ikaurudisha kuwa tope. Milango miwili iliyobaki hawakujisumbua nayo tena. Hilo nakuomba ulishike, lina kazi mbele.

Mwaka uliofuata mama alijikata. Alikuwa anapasua kisiki cha mkaratusi, panga mkono wa kulia, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikakatika kwenye fundo lake la katikati. Barabara ya kwenda zahanati ilikuwa imefungwa siku hiyo. Jirani ndiye aliyekiosha kwa maji ya chumvi, akachana ukingo wa kitenge chake, akakifunga, akakifungua kila asubuhi na kukifunga upya mpaka kikapona kikiwa kifupi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nashona nguo kwenye baraza la duka mjini, mtaa wa Asiatique, na barabara zikifungwa nililala kwa shangazi yangu, mtaa wa Nyakabiga. Niliporudi nilikuta kidole kimekwisha kupona, nikasema pole, nikaendelea na mambo yangu.

Watu wakaanza kupungua Ku Mategura. Wengine walikimbia wakihofia askari, wengine wakihofia waliokuwa porini, na wengine waliwahofia majirani zao wa miaka yote. Sisi, kwa kuwa tuliitwa Waswahili, tulionekana si wa huku wala si wa kule, kwa hiyo tulibaki. Jirani hakuwa na bahati hiyo. Asubuhi moja risasi zilisikika upande wa Gasenyi, na kabla chai haijachemka alisimama mlangoni kwetu na watoto wake wawili na bunda la nguo kichwani. Alikuwa anakwenda ng'ambo ya mpaka, Uvira. Alimpa mama ufunguo.

"Mukeba, unichungie nyumba."

"Nenda," mama alisema. "Nyumba iko. Utaikuta."

Hawakukumbatiana, hapakuwa na nafasi. Mimi niliwasindikiza mpaka getini, nikarudi nikamkuta mama ameshika ule ufunguo mkono wenye kidole kifupi, anautazama.

Wakati huo nyumba zilizoachwa hazikukaa nzima hata wiki moja. Zilianza kuliwa kutoka juu: vigae, mbao, kisha madirisha, kisha mlango. Vigae vyetu vilikuwa vizuri, vilikuwa na soko. Ungeamka ukakuta nyumba ya mtu uliyesali naye imebaki kuta nne na jua ndani yake. Nilimhurumia jirani kwa hilo, na moyoni nilijua zamu yake inakuja.

Ikaja nikiwa sipo. Zilikuwa siku za ville morte, tulivyoziita, vijana walipoufunga mji kwa mawe na matairi na asiyekuwa na sababu ya kutoka asitoke. Nilikwama Nyakabiga siku tisa. Nilipofika Ku Mategura nilipita mbele ya nyumba ya tatu na miguu ikasimama yenyewe. Hapakuwa na paa, hapakuwa na mlango, hapakuwa na dirisha. Mzee aliyekuwa mlinzi wa kiwanda, ambaye aliendelea kulinda geti ingawa hakuna aliyemtuma tena, alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

"Ni wezi gani hao, baba?" nikamuuliza.

Alikohoa kwanza. "Mi nakuambia kitu nimeona na macho yangu. Ni mama yako. Alipanda na ngazi mchana kweupe, akashusha mategura yote, akapakia mu kigari, akasukuma kule kiwandani, pahali malori yanapakia. Siku tatu. We uko mutoto wake, mi niseme nini?"

Nilimkuta mama anachagua mchele. Nilimuuliza bila hata kumsalimia.

"Mategura ya mama mukubwa iko wapi?"

"Ufunguo waliachia we?"

"Apana."

"Basi."

Na hilo ndilo lililokuwa jibu, siku hiyo na siku zote zilizofuata. Sasa lazima niseme ukweli juu yangu. Mimi ni mtu wa kusema. Nikiwa na furaha nasema, nikiumwa nasema, na nikikasirika nasema nimesimama. Nilitoka nje, nikasimama katikati ya nyumba zilizobaki, na nikamwita mama yangu mzazi mwizi, kwa sauti ambayo mlinzi aliisikia getini. Nilisema kwamba amekula nyumba ya mtu aliyemfunga kidonda. Nilisema mengine ambayo leo nikiyakumbuka masikio yanapata joto. Mama alimaliza kuchagua mchele, akaingia ndani.

Nilimwambia shangazi kule Nyakabiga. Niliwaambia wenzangu wa baraza la Asiatique, nikaongeza kidogo, kama watu wa baraza tunavyofanya. Habari ikazunguka ikarudi Ku Mategura kabla yangu. Mama alipokwenda kisimani, wanawake wawili watatu waliobaki walimsalimia kwa heshima iliyopungua chumvi. Hakujitetea kwa yeyote. Nami nilichukua kule kunyamaza kuwa ndiyo ushahidi wenyewe.

Tukaishi hivyo majira manne ya mvua, mawili kila mwaka. Kipande cha bomu kilikuwa kimetoboa paa letu, vigae vitatu juu ya kitanda chake, na kiwandani hakikubaki kigae kizima hata kimoja. Mama aliweka beseni katikati ya godoro na akajifunza kulala pembeni yake. Mimi na ulimi wangu sikumwacha. "Wengine wakiiba, wanakula," nilimwambia siku moja mvua ikigonga kwenye bati la beseni. "We umeuza paa ya mutu na yako inavuja." Akaenda kumwaga maji. Mtu mwenye akili angejiuliza swali hapo. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira haikuniachia nafasi ya kuuliza.

Kisha vita vikavuka mpaka, na waliokimbilia Uvira wakaanza kurudi. Jirani alifika asubuhi, kwa miguu, amekonda, na watoto wamerefuka mpaka nguo zimewakataa. Alipitia getini, na mlinzi hakumficha. Nilimuona akisimama ndani ya nyumba yake. Mpapai ulikuwa umeota sebuleni, unakaribia kuzaa.

Mama aliinuka kwenye kigoda. Sijawahi kumuona akitembea haraka namna ile.

"Mukeba, umerudi. Kuya kwanza unywe chai, tutaongea."

"Nimerudi, madamu," jirani akasema. "Chai ya mategura yangu?"

Neno la madamu lilimpiga mama usoni, niliona. Akageuka akarudi ndani. Nilifikiri ni haya. Leo najua alikuwa amekuja na zawadi aliyoishika miaka miwili, na aliyeletewa amemtemea mate kabla ya kuitazama. Mama yangu alikuwa na kiburi, sitamsafisha kwa hilo.

Jirani alilala kanisani na watoto wake, siku ya kwanza, siku ya pili. Alitaka atengeneze kona moja ya nyumba, afunike na turubai, apate meko. Mimi niliona aibu kwa ajili ya ukoo wangu, nikachukua mtaimbo na kumfuata. Nilimwambia mlango wa tatu wa tanuru umejengwa kwa matofali mazuri, tuubomoe, ndani hamna kitu ila tope la zamani. Tulikwenda pamoja kando ya reli.

Ule mlango nilikuwa nimepita mbele yake mara mia. Mkono wa mama ulikuwa pale katikati, umekauka, kama ulivyokuwa siku zote. Niliinua mtaimbo.

"Ngoja," jirani akasema.

Alisogea. Aliweka kidole chake kwenye alama, kwenye kiganja kwanza, kisha kwenye kila kidole, kimoja kimoja, mpaka kile cha shahada. Kilikuwa kifupi. Kiliishia kwenye fundo la katikati, na mwisho wake ulikuwa wa mviringo, wa kidonda kilichopona. Akakaa chini kwenye majani, pale pale.

"Kiwanda ilifunga lini?" akaniuliza.

"Mwanzo wa vita, mama mukubwa."

"Na hiki kidole kilikatika lini?"

Nilikuwa nimeshaelewa na sikutaka kuwa mimi. Kiwanda kilipofungwa mama alikuwa na vidole vyote. Mkono ule ulibandikwa baada ya panga, baada ya chumvi na kitenge. Jirani alikisoma kwa kukigusa mara moja, kwa sababu ndiye aliyekifunga. Mimi, niliyezaliwa na mkono ule, niliupita majira manne sikuuona.

Nilishika tena mtaimbo, nikitaka angalau niwe wa kwanza kubomoa. Akauzuia.

"Apana. Hii iko na mwenyewe. Enda uite mukeba wangu. Umuambie tanuru imepoa, kuya afungue."

Nilikimbia. Mama alikuwa anakanda unga. Nilimpa maneno yale kama nilivyopewa, bila kuongeza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alinawa. Alitoa mwiko wake chini ya kitanda, akatembea kando ya reli polepole mno, na mimi nyuma yake nikilia.

Wale wawili hawakusalimiana. Mama aliweka ncha ya mwiko katikati ya kiganja chake na kugonga. Udongo ukatoka, kisha tofali la kwanza, kisha mengine. Ndani vigae vilikuwa vimesimama safu juu ya safu, vikavu, vyekundu, vimewekewa nyasi katikati visigongane. Nyuma yake mlango, umeegemezwa ukutani, na fremu mbili za dirisha. Ule udongo wa zamani uliokuwemo alikuwa ameutoa mwenyewe, usiku, beseni kwa beseni, akaumwaga shimoni kwa vyura. Akatoa ufunguo shingoni, ulikuwa kwenye kamba miaka yote ile, nami nikidhani ni hirizi.

"Nyumba yako njo hii," akasema. "Kuta sikuweza kuzibeba."

Jirani alimshika mkono, ule wa kushoto, akaubandika usoni pake na kulia. Alisema unisamehe, mukeba, akalisema mara nyingi. Mama alimwacha alie, kisha akamwambia jua linakwenda na vigae havitatembea vyenyewe. Tulivitoa mchana wote, kwa kigari kile kile, na mlinzi akaja kusukuma bila kuitwa na bila kumtazama mtu machoni. Vigae vitatu vya kwanza jirani hakuvipeleka kwake. Alikuwa ameingia kwetu kuomba maji na akaona beseni juu ya godoro. Alivibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akaviweka chini, akarudi kazini.

Jioni tulibaki wawili, mimi na mama, na vigae vitatu. Wingu lilikuwa linashuka kutoka milimani.

"Mama, mi niliamini umeuza."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifuta mwiko wake kwa pindo la nguo. "Ningekuambia, ungesimama njiani unanitetea. Kesho yake mutu angeuliza: kama hakuuza, ameweka wapi? Mu kinywa yako hamuna mulango, mutoto wangu. Ile siku ulisimama pale inje ukaniita mwizi, yule mulinzi alisema, kama mutoto wake mwenyewe anasema, basi imeuzwa. Hakuna mutu alitafuta tena. Mi nilifunga, lakini we njo ulichunga."

Aliyasema kwa upole, akiwa anatazama paa. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananisamehe au ananiadhibu. Alishafariki, na sikupata ujasiri wa kumuuliza. Jioni ile niliegemeza ngazi ukutani.

"Panda basi," akasema. "Mvua inakuja."

Nikapanda ngazi na vigae vya jirani, nikavipachika kimoja kimoja juu ya kitanda chake, na nikiwa kule juu nikamsikia anamwaga maji ya beseni uani.